Hotuba ya Meya Tuttle ya Kuipokea Treni ya Halcyon

Mheshimiwa Hakimu wa Amani, ambaye leo pia ndiye mpiga tarumbeta wetu. Mheshimiwa Mchungaji, pamoja na kanisa lako, ambalo bado limekaa juu ya magogo lakini angalau limefika. Mheshimiwa Bwana Cornelius Brandt, mwenye hoteli. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Reli, wa Kamati Ndogo ya Kengele ya Stesheni na wa Kikosi Kazi cha Kuwapungia Abiria Mikono. Bwana Baptiste Lavalle, mkalimani wa majirani zetu Waoto, wenyeji wa bonde la chini, na mama yako mzazi Bibi Josette, ambao tumewakalisha nyuma si kwa dharau bali kwa kuwa viti vya mbele vimemezwa na kamati. Walowezi wenzangu wa Halcyon, mabibi na mabwana. Nanyi ng'ombe mliotuvutia nyumba zetu mpaka juu ya kilima hiki. Na juu ya wote hao, mniruhusu niiname kidogo, mke wangu, Bi Philinda Tuttle, ua la nyika yote ya Nebraska, bibi harusi wa wiki mbili ambaye kila asubuhi naona kama ndiyo kwanza ananipa mkono pale madhabahuni. (Makofi. Bi Philinda, aliyekaa jukwaani na sanduku la safari miguuni pake, haangalii watu. Anaangalia mashariki.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, na sidhani kama wapo, mimi ni Lysander Q. Tuttle, Meya wa Halcyon, Mwenyekiti wa Kamati ya Reli, Mlezi wa Kikosi cha Zimamoto pindi maji yatakapopatikana, na, kwa cheo kinachovipita vyote hivyo, mume. (Vicheko.) Chekeni tu. Mimi tangu nioe hata uji wa mahindi nauona una asali. Leo alfajiri ameniamsha kwa kunivuta sikio, na sikio hilo nalivaa mpaka saa hii kama nishani ya serikali.

Ndugu wananchi, tumekusanyika kwenye siku ya kihistoria, siku ambayo historia yenyewe imeomba nafasi ya kukaa ikakosa kiti, kwa ajili ya kushuhudia kilele cha mchakato shirikishi wa kuipokea treni ya kwanza, itakayoingia hapa, mahali hasa nilipoelekeza fimbo yangu, leo saa sita mchana. (Sauti kutoka katikati: Saa sita imebaki robo, Bwana Meya.) Nashukuru kwa taarifa hiyo. Robo saa kwa mtu wa maendeleo ni muda mrefu sana.

Nianze na usuli wa mradi. Mwaka jana, Bi Philinda akiwa bado mwalimu wetu wa shule, nilimwendea na kofia mkononi nikamweleza hali ya moyo wangu kwa kina, na maelezo hayo yalichukua mchana mzima. Alipoona nimevuta pumzi akanijibu kwamba yeye haolewi kwenye mji ambao mtu akitaka kutoka lazima ambembeleze ng'ombe. Mama yake yuko Ohio, hajamtia machoni miaka minne. Nilete reli kwanza, akasema, halafu ndipo nilete pete. Basi, ndugu zangu, mimi niliingia pale shuleni nikiwa kijana wa kawaida mwenye duka la misumari, nikatoka nikiwa mwanzilishi wa miundombinu.

Akakubali kuvishwa pete kabla ya treni, kwa huruma yake, baada ya mimi kuapa mbele ya Mchungaji kwamba leo kabla jua halijapita utosini tutapanda behewa wawili sisi tukamwamkie mama. Na kwa kuwa ni mwanamke mwenye mipango, akaweka na mpango mbadala. Gari la mizigo mnaloliona limesimama nyuma ya kanisa, na ng'ombe wake wamekwisha kufungwa nira, linaelekea mashariki mara tu saa sita ikipita. Treni isipokuja, atapanda hilo, peke yake. Nilimwuliza atarudi lini. Akasema hilo nikamwulize mama yake. (Kicheko kikubwa. Bi Philinda anatabasamu kidogo, kisha anarudisha macho mashariki.)

Niingie kwenye takwimu. Utekelezaji wa reli umefikia asilimia tisini na nane. Asilimia mbili iliyobaki ni ile ya chuma. (Minong'ono.) Upembuzi yakinifu umekamilika, uhamasishaji umekamilika, kengele ya stesheni imepatikana na jina la stesheni limepakwa rangi mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mwana kamati mmoja aliligeuza juu chini. Matarajio yameongezeka mara tatu kulinganisha na mwaka uliotangulia. Hakuna mji mwingine baina ya hapa na milima wenye matarajio kama yetu, na hili nalisema bila kujisifu, ingawa ningejisifu ningekuwa na haki.

Bwana Brandt amenyanyua mkono. Kaa, Bwana Brandt, swali lako nalijua, uliniuliza jana na juzi. Bwana Brandt anauliza reli ziko wapi, maana yeye haoni chuma wala mataruma, anaona majani tu. Ndugu yangu, hizo ni fikra za watu wa kale, za kutandika reli kwanza ndipo treni ije. Siku hizi vitu hivi vinakuja pamoja. Mbele wanakwenda watu wanatandika, nyuma yao treni inafuata taratibu, wanatandika, inafuata, mpaka watufikie. Ndiyo maana huoni kitu. Usichokiona ni dalili ya kasi. (Bwana Brandt anakaa. Anasimama tena. Mkewe anamvuta koti, anakaa.)

Sasa nitambue mchango wenu, wananchi, maana kiongozi bila watu ni mtu anayeongea peke yake kilimani. Mnakumbuka tulikotoka. Tulipofika nchi hii ilikuwa kiangazi, tukaukuta ule ukingo wa kijito chini kule, udongo mweusi, laini, umekwisha kulainishwa kama vile ulikuwa unatungoja, wala hapakuwa na mtu, tukamshukuru Mungu kwa ukarimu wake tukasimamisha mji. Ikaja vuli, Waoto wakarudi kutoka kuwinda nyati, kama wanavyorudi kila mwaka, na ndipo tukafahamishwa kwamba udongo ule ulilainishwa na akina mama wa Waoto kwa majembe yao, na kwamba hoteli ya Bwana Brandt tuliijenga juu ya mahindi na maharage ya Bibi Josette, mama huyu aliyekaa pale nyuma. Bibi Josette alisimama mlangoni pa hoteli, na Baptiste akatafsiri, akauliza chumba chake ni kipi, maana sakafu ni yake. (Vicheko hafifu. Bibi Josette hacheki.)

Ile baridi tuliyoipitisha baada ya hapo wote mnaijua. Nyua zilivunjwa, farasi walipotea upande huu na upande ule, watu wazima walikwenda kuchota maji na bunduki. Kikao baada ya kikao, wao wanasema ondokeni, sisi tunasema hatuwezi kuondoka kwa kuwa tumeshapiga misumari. Mpaka masika, ndipo siku moja mtu akapita kilimani hapa akaona vigingi vya wapimaji vimechomekwa mstari mmoja, vimefungwa vitambaa vyekundu, kutoka upeo wa mashariki mpaka upeo wa magharibi. Habari ikashuka bondeni kama moto wa nyasi: reli itapita juu, haitapita chini.

Na sisi watu wa nyika tuna desturi yetu. Reli isipotufuata, tunaifuata, na nyumba zetu tunakwenda nazo. Tuliweka magogo chini ya kuta, tukafunga ng'ombe, tukavuta Halcyon nzima. Duka langu lilikuja, kanisa likaja likiwa limeegemea upande kama mlevi wa heshima. Hoteli ya Bwana Brandt ilihama na wageni ndani, na mgeni mmoja aliyekuwa ananyoa ndevu alianza kunyoa bondeni akafika kilimani na shavu moja. Hayo ndiyo maendeleo, ndugu zangu. Nyumba zinatembea.

Najua wapo wanaonung'unika kuhusu maji. Kamati inaitambua changamoto ya maji. Ni kweli chini tulikuwa na kijito na hapa hatuna kisima, na kina mama wanashuka na mapipa na kupanda nayo, na mke wangu mwenyewe jana kanawa uso kwa kikombe. Lakini chini tulikuwa na maji bila reli, na hapa tuna... hapa tuna fursa. (Sauti: Fursa hainyweki.) Nimeisikia sauti hiyo, na naijua, ni ya shemeji yangu. Tutaongea nyumbani.

(Hakimu wa Amani anaitoa saa yake mfukoni, anaitazama, anamwonyesha Meya kwa kidole kwamba ni saa sita.)

Nimeona, Mheshimiwa. Saa yako inakimbia kidogo, wote tunajua, ni saa ya Boston. Nikiendelea na hoja yangu ya kengele ya stesheni, yenye vipengele kadhaa... (Mtu anapaza sauti kwamba anaona vumbi mashariki. Watu wanasimama juu ya viti. Hakimu anapiga tarumbeta. Kikosi Kazi kinaanza kupunga mikono. Bi Philinda anasimama, anashika mpini wa sanduku lake, uso wote unang'aa. Vumbi linakaribia. Ni ng'ombe jike wa Mchungaji. Tarumbeta inafia katikati.)

Tukae. Tukae, tafadhali. Ng'ombe naye ni mdau. Kama nilivyokuwa nasema... Bwana Brandt, mara hii umesimama bila kunyanyua mkono.

(Bwana Brandt anasema kwa sauti nzito kwamba yeye si mjinga, treni haiwezi kuchelewa hivihivi, kuna mtu ameizuia, na kila mwenye macho anajua ni nani asiyetaka reli ipite hapa. Wameng'oa mataruma. Labda wamewavamia wafanyakazi wenyewe. Anasema washuke bondeni sasa hivi wakawamalize Waoto kabla giza halijaingia. Wanaume wanaanza kuelekea kwenye magari yao kuchukua bunduki. Baptiste Lavalle anasimama. Mama yake anamwambia maneno machache.

"Mama anasema," Baptiste anatafsiri, "kama tungekuwa na uwezo wa kuzuia treni, tungeanza na hoteli."

Hakuna anayecheka. Bi Philinda anamgeukia Meya.

"Mume wangu," anasema taratibu, "ni kweli? Wameizuia?")

Ndugu wananchi.

Ndugu wananchi, mke wangu ameniuliza swali. Na ni swali zuri, kila asemalo huyu ni zuri, hata akiniambia nimefunga vifungo vibaya. Naomba mtazame jinsi swali hili lilivyokaa. Nikijibu ndiyo, mimi nabaki mume wa reli, reli iliyohujumiwa na maadui, na mwanamke huyu hataniacha kwa kosa la watu wengine. Atatia sanduku ndani, atanipikia chai, atanihurumia. Neno moja tu. Liko hapa ulimini, halina uzito wowote. Mimi nimekwisha kuwaambia maneno marefu kuliko hilo mwaka mzima, na mengine yalikuwa na takwimu.

Bwana Brandt, iweke bunduki hiyo chini. Wote, wekeni chini. Hotuba yangu ilikuwa na sehemu ndefu iliyobaki kuhusu kengele. Nitairuka. Nakwenda moja kwa moja kwenye shukrani.

Kwanza kabisa, naishukuru kwa dhati Kampuni ya Reli, kwa uvumilivu wake mkubwa, kwa kuwa imevumilia kuzungumziwa mwaka mzima bila kuanzishwa. (Watu wanatazamana.) Namshukuru Mhandisi Mkuu, Jenerali Ambrose Pickerell, ambaye mmempigia tarumbeta mara tatu kwenye mikutano hii, na ambaye jina lake nililitoa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nawashukuru wapimaji walioonekana kwa mbali masika yale wakichomeka vigingi kilimani. Walikuwa mmoja. Alikuwa mnene kidogo, amevaa kofia kama hii. Vigingi ni fito nilizong'oa kwenye banda langu la kuku, na vile vitambaa vyekundu, mbele ya kina mama naomba radhi, ni flana yangu ya ndani ya baridi.

Na nawashukuru majirani zetu Waoto, ambao hawakuizuia reli hii, na hawakuizuia kwa sababu za kiufundi, yaani hapakuwa na reli. Haikuwepo jana. Haiko leo nyuma ya upeo ule. Hakuna mtu anayetandika chochote mahali popote.

(Upepo unaufungua mlango wa kanisa na kuufunga.)

Mwisho nakushukuru wewe, Philinda. Ulipotaka reli, mimi sikujua reli inatoka wapi. Nilijua tu kwamba usiponikubali nitauza misumari mpaka nife. Nikachomeka vigingi nione kama moyo wako utainama kidogo upande wangu, na badala yake mji mzima ukainama, na nyumba zikaja, na kila nilipotaka kusema ukweli nilimwona mtu mwingine anapanda kilima na dirisha begani. Nikajiambia mtu akitaka kitu kwa moyo wote, labda chuma kitajitandika chenyewe. Hakijajitandika. Ningeweza kukubakiza leo kwa neno moja. Lakini neno hilo lingeshuka bondeni na bunduki, na wewe ungelala usiku kando ya mtu aliyelisema, ukidhani ni mume wako. Gari lako liko nyuma ya kanisa. Nimemwomba mwenye gari akuwekee mto mahali pa kukaa, kwa kuwa ubao ule ni mgumu. Nilimwomba tangu jana.

(Bi Philinda ananyanyua sanduku lake. Anashuka ngazi za jukwaa. Anapofika chini anageuka.

"Jana," anasema. "Yaani jana ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mpenzi."

"Lysander, mama yangu hajawahi kumwona mkwe wake. Hii habari ya flana na kuku utamsimulia mwenyewe, neno kwa neno, huanzi katikati. Ila mto ni mmoja na nafasi ni moja, na ni yangu." Anaelekeza kidole nyuma ya kanisa. "Wewe utatembea na ng'ombe."

Kicheko kinaanzia kwa wanawake, kinasambaa.)

Mmesikia, ndugu wananchi. Mmesikia nyote, Hakimu wa Amani ni shahidi. Amesema nitatembea. Hakusema nibaki. Enyi watu wa Halcyon, kuna mtu mwenye bahati kama yangu kwenye bara hili? Kutembea mpaka Ohio nikiutazama mgongo wa shali yake!

(Bwana Brandt, ambaye bunduki yake sasa imelala juu ya kiti, anauliza kwa unyonge hoteli yake itakuwaje, maana hapa hakuna treni wala maji. Bibi Josette anaongea kwa muda mrefu kidogo. Baptiste anatafsiri kwamba hoteli isirudi, palipokuwa jikoni pameota mahindi mazuri, wasije wakayakanyaga tena. Maji waje wachote, kijito hakiishi. Wapite njia ya chini, wasikatize kwenye maharage, na waache bunduki nyumbani. Bwana Brandt anavua kofia, anaikunja, anaivaa. Anasema njia ya chini anaifahamu.)

Huo, mabibi na mabwana, ni mkataba wa kimataifa, na Kamati ya Reli inaupitisha kwa kauli moja, kisha Kamati ya Reli inajivunja. Umeya namkabidhi shemeji yangu, yule wa fursa hainyweki. Atachimba kisima, ana hasira za kutosha. Mtakaotaka kunipiga, nawaomba mjipange kwa utaratibu na mnisubiri nirudi, nikiruhusiwa kurudi. Nikisema Halcyon, mseme mbele. Halcyon! (Umati: Maji!) Umoja! (Umati: Maji!) Na maendeleo! (Umati: Maji!) Naona ujumbe umefika.

(Gari la mizigo linaanza kusogea. Meya anaangalia viatu vyake, vyeusi, vyembamba, vya harusi. Baptiste anapanda jukwaani na jozi ya viatu vya ngozi laini ya nyati alivyovua mama yake, anampa.

"Mama ana vingine nyumbani," anasema. "Anasema hivi ni shukrani kwa kuihamisha hoteli.")

Mwambie mama... mwambie vimenitosha. Vinabana kidogo kidoleni, lakini hilo usimwambie.

Ndugu wananchi, nawashukuru kwa dhati kwa kuhudhuria kwa wingi uzinduzi wa mradi ambao haukuwahi kuwepo, na kwa mamlaka niliyokuwa nayo mpaka dakika hii natamka kwamba umefungwa rasmi. Mungu awabariki, na awape mvua. Philinda, polepole na hao ng'ombe, nakuja.